Wavu wa Kidimbwi cha Phanuel

...muda gani, anauliza, mngetaka wavu ukae muda gani, na ananitazama mimi, hamtazami mume wangu Phanuel aliyeketi hapa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, kofia gotini, fimbo katikati ya miguu, watu wote siku hizi hunitazama mimi, na sakafuni mbele yetu huyu Weldon mwenye duka ametandaza nyavu za kila aina kama mtu anayeanika samaki, za plastiki nyeupe, za chuma kisichoshika kutu, za jiwe, hizi ndizo za kufunika ule mfereji unaozunguka ukingo wa kidimbwi, maji yakijaa yamwagikie humo na kurudi kwenye pampu badala ya kutapakaa uani, mambo ambayo nimejifunza mwaka huu huu, mimi muuguzi mstaafu wa Iguhu niliyedhani kuogelea ni shughuli ya watu wa hoteli, muda gani, Weldon, laiti ungejua unaniuliza nini, maana daktari alinivuta kando pale nje ya wodi, akasema Sista, wewe ni mwenzetu, sitakuficha, kiharusi kikishapiga mara moja kinaweza kurudi, msipange mambo ya mbali sana, nami nikaitikia kwa kichwa kama tunavyoitikiaga wodini, nikarudi kitandani nikamwambia Phanuel daktari anasema unaendelea vizuri, kisha, baada ya safari ya mazoezi ya majini kule Kisumu, nikatafuta watu wa kuchimba nyumbani Khayega, hapo nyuma ya jikoni palipokuwa na migomba, na jirani yangu Rachael akaja na sahani ya mboga ya mrenda akachungulia shimo akasema, "Mama Khalayi, hapa mtafuga tilapia ama kambale?" nikacheka, na mpaka leo kuna watu Khayega wanaosubiri samaki wetu wakue... "Kwa sababu hii ya chuma, mama," anasema Weldon, anaigonga kwa kidole, inalia kama sufuria, "hii ndiyo wengi wanapendanga, inang'aa, lakini lazima iwe chuma chenyewe, ile ya bandia dawa ya maji inaikula, unaona madoadoa, halafu inapata joto kwa jua," na mimi naona mguu wa Phanuel, ule wa kushoto usiohisi, juu ya chuma cha moto, ukiungua bila yeye kujua, hapana, si hiyo, nasema, "Hiyo hapana," na kando yangu Phanuel anasema, "M..."

Maji? "Unataka maji, baba?" nainama, chupa ninayo mkobani, anatikisa kichwa, mdomo wake umeshikwa upande mmoja, unajikusanya tena, "M..." na Weldon anatazama kando kwa adabu, anajifanya anapanga vigae, hebu mfikirie mtu aliyekuwa akisimama mbele ya baraza la kijiji akieleza jinsi chemchemi inavyojengwa mpaka wazee wanasahau kwenda kula, leo herufi moja imemkalia mdomoni kama mfupa, "Mapema? Turudi mapema kabla ya mvua?" hapana, hapana, mkono wake mzima unapepea kama anafukuza nzi, na mimi namgusa bega, nasema tunamaliza sasa hivi, vumilia kidogo... ilikuwa Machi, bafuni, nilisikia kishindo nikadhani ni ndoo, nikaita Phanuel, umeangusha ndoo? na nikaendelea kukuna nazi, hapana, nilikuwa nachambua mboga, kwa nini nasema nazi, ilikuwa mboga, shina la mwisho la mboga bado liko mkononi mwangu ninapofungua ule mlango, na yeye yuko chini ananitazama kwa jicho moja lililojua na jingine lililokwenda zake, na tangu siku hiyo sijamwacha atembee hata hatua ya kwenda chooni bila mkono wangu kiunoni mwake, namkatia nyama, namfungia vifungo, nampozea chai, Khalayi binti yetu alipokuja Pasaka alinisimamisha jikoni akaniambia, "Mama, unamjibia baba hata kabla hajaulizwa," nikakasirika, nikamwambia wewe unakuja na kuondoka, huoni ninayoyaona, akasonga obusuma, ugali wetu, bila kunitazama... "Na hii ya jiwe?" nauliza.

"Ya jiwe ni nzito, mama," Weldon anachuchumaa, anajaribu kuinua kipande kimoja mpaka shingo inavimba, "ukishaiweka imekaa, haisogei, na imekwaruzwa juu, mguu hauwezi teleza," na neno hilo hauwezi teleza linaniingia kifuani kama uji wa moto, kwa sababu naona Kisumu, nimekuwa nikiona Kisumu kila nikifumba macho, lile bwawa la mazoezi alikotupeleka Chepkirui, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mpole mwenye sauti ya kuongea na watoto, alimshusha Phanuel majini polepole akimwambia, "Mzee, usipigane na maji, yaachie yakubebe," na mimi ukingoni nimekumbatia taulo, na mara ule mkono wa kushoto, ule unaolala pajani mwake mchana kutwa kama kitu cha mtu mwingine, ukainuka, wenyewe, ukaelea juu ya maji vidole vimefunguka, na Phanuel akautazama mkono wake kama anaona mgeni aliyedhaniwa amekufa, akacheka, cheko la nusu ya uso, sauti ile ile ya zamani, nikageuka kando nikalilia kwenye taulo, na hapo hapo nikaamua, tutachimba, watu waseme watakavyo, lakini alipokuwa anatoka, ukingoni pale, kwenye vigae vyenye maji, mguu ule usiohisi ukateleza, ukaenda, Chepkirui akamdaka kwapa na mimi nikadaka hewa, na njia nzima ya kurudi, Chavakali, Mudete, yeye alikuwa amelala mdomo wazi kwa uchovu na mimi nilikuwa macho makavu nautazama ule mguu, kwa hiyo ndiyo, jiwe, jiwe limekwaruzwa, jiwe halisogei, nataka kila kitu kinachomzunguka kisisogee kabisa...

Na mvua imeanza, matone makubwa juu ya mabati, ndiyo mvua yetu ya alasiri, imetoka msituni haina haraka halafu ghafla ina haraka, nje pikipiki zinakimbilia vibarazani, Weldon anapaza sauti, "Na hii ya plastiki nayo si mbaya, mama, si plastiki ya ndoo, imewekwa dawa ya jua, hata mvua ya mawe haiipasui, vipande vimeungwa ndani kwa kamba, unaona inakunjika kama mkeka, kona inapita yenyewe," anausukuma kwa mguu nao unajikunja, unajikunjua, nyeupe kama meno, na mimi nauona ni mwepesi mno, kitu chepesi kinaweza kuchomoka, "Tuchukue ya jiwe," nasema, "tuandikie ya..." na fimbo ya Phanuel inagonga sakafu.

Mara moja tu. Weldon anaacha mdomo wazi, mimi pia. "M...," anasema Phanuel, na ulimi wangu tayari umeshabeba maneno, mguu, unaumwa mguu, matatizo, Mama Khalayi, mvua, nina kikapu kizima cha maneno ya M, na nayatazama macho yake, na macho yake hayaombi msaada, macho yake yananiambia kitu kimoja tu, subiri, na mimi nalijua hili, naijua sura hii, wapi, wapi nimeiona... Iguhu, chini ya nyumba za wauguzi, nimefika kazini juzi tu, sijui mtu, nashuka na ndoo yangu kwenye chemchemi na nakuta kijana mrefu amezama kwenye tope mpaka magotini, amepanga mawe, amepaka udongo, amechomeka bomba, na maji yanatoka mekundu kama chai, nikataka kukinga, akainua kiganja chenye tope akasema, "Sista, subiri kidogo, usichote bado, acha yajisafishe," nikasema nina zamu, akasema zamu itakungoja, kwa upole bila kucheka, nikakaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa nikiwa nimekunja uso, na maji yakatoka mekundu, yakatoka rangi ya kahawia, yakatoka kama maziwa yaliyotiwa maji, na sikuona ni saa ngapi yaliacha kuwa na rangi, niliona tu kwamba nilikuwa nimeacha kuyatazama maji, namtazama yeye, na yeye alikuwa bado anatazama bomba, mtu asiyeweza kuharakishwa, na hivyo ndivyo nilivyoolewa, sijawahi kumwambia mtu, niliolewa kwa sababu ya kusubiri... basi nafumba mdomo. Nauma ulimi kabisa, nausikia. Mikono yangu haijui iende wapi, naikalia. Mvua inapiga, Weldon anapangusa vumbi lisilokuwepo, na uso wa mume wangu unafanya kazi, mshipa wa shingoni, jasho juu ya mdomo, na ni kitu kigumu kuliko kuzalisha, nimezalisha mamia ya akina mama na nilijua la kufanya na mikono yangu, hapa hakuna la kufanya, kukaa tu, kuwa hapa, na sekunde zinakwenda na sianguki na yeye haanguki.

"M... mkono," anasema Phanuel.

Nasubiri. Si neno lote, naona si lote.

"Mkono... m-mmoja."

Na anaegemeza fimbo kwenye kiti, anainama, na mwili wangu wote unaruka kumshika lakini makalio yanabaki yamekalia mikono, anainama mwenyewe, anashika ncha ya ule wavu wa plastiki kwa mkono wa kulia na kuuvuta, nao unakuja, unajikunja kuja kwake kama mkeka unaorudishwa ndani, unamlalia mapajani, na anapitisha kidole katikati ya mianya yake, polepole, kama alivyokuwa akipitisha kidole kwenye midomo ya mabomba yake Jumamosi akitoka kuzungukia chemchemi zake, Shinyalu mpaka Lubao, hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa, akirudi na harufu ya majani yaliyooza kwenye mikono na furaha ya mtu aliyetoka kuwaona watoto wake, "Majani," anasema sasa, na hili linatoka karibu zima, "majani... ni-nitatoa," na kumbe, kumbe alipokuwa anatazama shimo lile nyuma ya jikoni siku zote hizi, mimi nikidhani anaogopa maji, alikuwa anauona mfereji, alikuwa anauona mparachichi wa Rachael ulioinama juu ya ua ukimwaga majani yake, na upepo wa jioni, na mfereji umeziba, na mtu fulani asubuhi akiuinua wavu kwa mkono mmoja na kusafisha kwa... kwa mkono gani, Phanuel, huo mwingine si umelala... kwa kuuweka chini huo wavu kwanza, bila shaka, halafu kusafisha, halafu kuurudisha, ana siku nzima, nani anamkimbiza, na mimi nilitaka kumwekea jiwe, nilitaka kuzunguka maji yake yote kwa kitu ambacho hangeweza kukiinua maishani mwake, na ningesema ni mapenzi, na yangekuwa mapenzi, hilo ndilo linaloniuma na kunichekesha kwa pamoja, yangekuwa mapenzi kweli.

"Imekwaruzwa juu pia, hiyo," Weldon ananiambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayenitetea, "mguu hautelezi, mama, gusa," na ninaugusa pale ulipomlalia Phanuel pajani, ni kweli, una mistari, ngumu kidogo chini ya kidole, na chini yake nausikia mguu wake, ule wa kushoto, una joto kama mguu wowote, daktari alisema msipange ya mbali, sawa, daktari, hatupangi ya mbali, tunapanga asubuhi yenye majani, hiyo si mbali, nikihesabu vizuri hiyo ni kesho, na ikija nyingine baada yake tutaipanga nayo, na kama ataanguka nitakuwa jikoni na nitasikia na safari hii nitajua si ndoo, na kama hataanguka nitakuwa jikoni vilevile, nachambua mboga, nasikia wavu ukikwaruza simenti na mtu mzima akisema peke yake na majani... Mvua haijapungua. Hatujanunua kitu. Nyavu bado zimetandazwa, Weldon bado amechuchumaa, anangoja, macho yake yanatoka kwangu, polepole, kama mtu anayevuka daraja asilolijua, yanakwenda kwa Phanuel na kutua hapo, na Phanuel ameshika wavu wake mapajani, ameinua kidevu, mdomo unajikusanya upya, ana swali la kumuuliza mwenye duka, "N...," anasema, "Na...," na Weldon anainamisha kichwa asikie, na mimi nimekaa hapa, mikono chini yangu imeshakufa ganzi, na kwa mara ya kwanza tangu Machi sijui mume wangu anataka kusema nini, sijui kabisa, na naona utamu wake.