Vuta, Shika, Achia

Siku ambayo Mama Pumzi hakufika kazini, mgonjwa wa kwanza aliruka kitandani. Daktari wa picha za ultrasound alikuwa amemmiminia jeli tumboni bila kufikiri, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, na mwanamke yule akapiga ukelele. Daktari aliitazama chupa mkononi mwake. Ilikuwa baridi. Akageukia kona ya sinki. Beseni la bluu lilikuwa limefunikwa, kavu.

Simu ililia saa tatu. Alikuwa Fundi, mume wa Mama Pumzi.

"Daktari, mwenzangu hatakuja," alisema. "Moyo umesimama alfajiri. Alikuwa anafunga kilemba chake."

Kwenye karatasi za hospitali, Mama Pumzi alikuwa mhudumu tu: afagie, abadilishe shuka, aite majina. Lakini aliingia saa moja na nusu asubuhi, kabla ya wote, akajaza beseni maji ya moto, akatumbukiza chupa za jeli. Kisha aliminya tone moja kwenye mkono wake wa kushoto, karibu na kiganja, jinsi mama anavyopima maziwa ya mtoto. Tone likimridhisha, chumba kilikuwa tayari. Jeli ilimkaukia kwenye ukingo wa mkono wa gauni, ukawa mgumu kama uliotiwa wanga.

Jina alilipata siku za sindano. Siku hizo daktari hakuishia kutazama. Aliingiza sindano ndefu ndani ya mwili wa mtu, macho yake yakiwa kwenye kioo cha mashine, na jipu likanyonywa bila kisu. Sasa, ini halikai mahali pamoja. Hupanda na kushuka na pumzi. Kwa hiyo Mama Pumzi alisimama upande wa kichwa, mkono wake begani mwa mgonjwa, macho kwenye kioo. "Vuta," alisema. "Shika." Sindano ikishatulia mahali pake: "Achia." Naye alibana pumzi pamoja na kila mgonjwa. Hakujua kufanya vinginevyo.

Miaka miwili kabla ya asubuhi ile, aliyelala kitandani alikuwa Fundi.

Alitengeneza redio, na jipu lililokuwa kwenye ini lake lilikuwa kubwa kama chungwa. Wiki nzima alikuwa amekataa kwenda hospitali, huku homa ikimla na suruali ikimlegea kiunoni.

"Mimi nafungua redio kila siku," alimwambia mkewe. "Ukishaifungua, hairudi kama ilivyotoka dukani."

"Nani kasema utafunguliwa? Ni tundu moja la sindano. Na daktari anaona anakokwenda."

"Anaona wapi?"

"Kwenye kioo."

"Hata kioo chetu hapa nyumbani kinaniambia mimi kijana."

"Kinakudanganya," alisema Mama Pumzi. "Jipu likipasuka humo ndani, Fundi, sina la kufanya. Twende."

Fundi alimtazama, akatafuta viatu vyake.

Lakini hospitalini kulikuwa na sheria: mtu hamhudumii ndugu yake. Mikono hutetemeka. Mama Pumzi akawekwa nje ya pazia, na mahali pake akasimama msukuma machela, mtu mwema mwenye sauti ya kuongoza magari.

"Usipumue!" aliamuru.

Fundi akaangua kicheko. Tumbo lote likatikisika. Daktari akairudisha sindano kwenye sinia.

"Mzee, ukicheka hii ikiwa ndani, mimi sitacheka. Inaweza kukuchana."

"Samahani, daktari. Huyu bwana kanitisha."

Akajaribu tena, akakohoa. Mara ya tatu jasho lilimtoka na pumzi ikamponyoka. Hapakuwa na mzaha tena usoni mwake. Daktari alilitazama pazia.

"Mama Pumzi. Sema hukohuko uliko."

Sauti ikaja, ya chini, ile aliyoitumia nyumbani.

"Baba, niko hapa. Vuta." Akavuta. "Shika."

Fundi akatulia kama jiwe. Kwenye kioo, mstari mweupe wa sindano ukashuka polepole ukaingia kwenye kile kidimbwi cheusi cha jipu. Daktari akavuta bomba la sindano, na usaha mzito wa kahawia ukaanza kupanda. Kila kitu kilikwenda vizuri, ila neno la tatu halikuja. Daktari alingoja. Msukuma machela alingoja. Uso wa Fundi ukaanza kubadilika rangi.

"Jamani, Mama Pumzi, achia! Tunampoteza kwa kukosa hewa!" daktari akapaza sauti.

Nyuma ya pazia kukasikika mtu anayepumua kwa nguvu kama aliyeibuka majini. Alikuwa hakioni kioo. Alikuwa amebana pumzi pamoja na mumewe, akingoja kuona.

"Achia, baba," alisema akihema. "Achia."

Fundi aliisimulia habari ile kwa kila mteja aliyeleta redio. "Mke wangu nusura aniue kwa mapenzi," alisema, na Mama Pumzi alimpiga kwa kitambaa cha vumbi.

Miezi miwili baada ya mazishi, Fundi alirudi kwa kipimo chake cha mwaka. Alikuja na mfuko, na ndani yake gauni la kazi la mkewe, alilokuja kulirudisha, limepigwa pasi. Alikuwa amelifua lote isipokuwa ukingo wa mkono wa kushoto. Daktari aliugusa kwa kidole, akalikunja gauni tena.

"Hili halimo kwenye orodha ya mali zetu," alisema, akamrudishia.

Jeli ilikuwa ya vuguvugu. Beseni la bluu lilikuwa wazi kwenye kona, likitoa mvuke. Msukuma machela, ambaye siku hizi ndiye anayesimama upande wa kichwa, aliinama na kusema kwa sauti ndogo sana, "Vuta, mzee. Shika."

Fundi akashika. Kwenye kioo ini lilikuwa safi, limetulia. Akaendelea kushika, macho kwenye pazia.

Neno la tatu, "Achia", sasa husemwa na daktari.