Mlango wa Mbele wa Anti Olwen

Menna Prosser hajawahi kushindwa uchaguzi, na hakuwa na nia ya kuanza na huu. Alianza na udiwani, akaenda bunge la Wales, na sasa ni kiongozi wa chama kizima, mwanamke aliyewatazama mawaziri wa London usoni akawaambia hapana bila kupepesa jicho. Kwa hiyo siku tatu kabla ya kura, alipoambiwa kwamba kiti chake mwenyewe cha bonde la Cwm Hesgen kinamponyoka, hakuogopa. Alikasirika. Alimwamuru Gethin, meneja wake wa kampeni, awashe gari waende bondeni wakabishe hodi nyumba kwa nyumba.

Mtaa wa Salem uliwagomea. Walibisha mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, pazia likacheza kidogo, kimya. Kwenye nyumba ya tano mzee mmoja alifungua dirisha la ghorofani akauliza nani amekufa, na alipoona ni wanasiasa akalifunga. Gethin, mtu wa jiji la Cardiff, aliandika kwenye orodha yake kwamba wenyeji hawapo, ingawa redio zao zilisikika hadi barabarani.

Namba kumi na moja ni kwa Olwen Bevan. Hapo Menna alibisha kwa nguvu, maana siasa yake ilizaliwa jikoni mwa nyumba hiyo. Elwyn, mume wa Olwen, mchimba makaa mstaafu, ndiye aliyemwona Menna akiwa mwalimu wa hesabu asiyejulikana na mtu, akamzungusha bonde zima hadi akapata udiwani kwa kura kumi na tisa. Elwyn alikuwa na miaka miwili kaburini.

Kifuniko cha tundu la barua mlangoni kiliinuka.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Anti Olwen. Menna."

"Menna gani? Menna ninayemjua mimi anajua mlango uko wapi."

Kifuniko kikashuka, na Menna akahisi uso unawaka. Cwm Hesgen nzima inaingia kwa nyuma, kupitia kichochoro, uani, hadi jikoni. Mlango wa mbele ni wa daktari, mchungaji, polisi na jeneza. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo, na yeye amezaliwa mitaa mitatu kutoka hapo! Miaka minane ya kufunguliwa milango ya magari ilikuwa imeifundisha miguu yake utovu wa adabu.

Alimwambia Gethin abaki palepale. Akazunguka kichochoro, akapita mapipa ya taka na banda la njiwa, akaingia jikoni bila hodi, kama inavyotakiwa. Olwen alikuwa anageuza vikeki vya zabibu kavu kwenye bamba la chuma na hakugeuka. Menna akajivutia kiti.

"Ule mlango uliokuwa unaugonga," Olwen alisema, "umefunguliwa mara moja tu tangu Elwyn astaafu. Elwyn alipita hapo. Wanaume walijipanga mpaka kanisani. Nilikutafuta kwa macho mpaka shingo ikaniuma."

"Nilituma maua, Anti."

"Niliyaona. Yalikaribia kulizidi jeneza."

Siku ile Menna alikuwa London kwenye mkutano ambao leo hata ajenda yake haikumbuki. Iliuma kuliko kushindwa kokote alikowahi kukuwazia.

"Nilikosea," alisema. "Alinipa bonde zima, na mimi sikumpa hata asubuhi moja."

Olwen alimwekea kikeki cha moto mbele yake, akamimina chai, akauliza yule bwana wa orodha yuko wapi. Kwenye mvua, Menna akajibu, pale mbele. Olwen akasema mvua itamsaidia.

"Kura yangu utaipata," akaongeza, "na Salem yote, ukipita huku nyuma kama mtu. Ila kwa sharti moja. Siku nitakapotoka mimi kwa mlango ule, uwepo. Na usiniletee maua."

"Nitakuwepo, Anti."

Siku tatu zilizobaki Menna alipita vichochoroni, viatu vimejaa tope, akanywa chai mpaka tumbo likavimba. Jioni ya kwanza alikuta bango lake limeshabandikwa kwenye dirisha la jikoni kwa Olwen, upande wa uani, ambako ndiko watu wanakopita. Alishinda kwa kura mia tatu na sita, na wala hakujifanya kushangaa.

Miaka mitatu baadaye, Jumanne moja ya Machi, Waziri Mkuu alimsubiri London na Gethin alipiga simu mara nne. Menna hakupokea. Alikuwa amesimama mbele ya namba kumi na moja, mvua inamnyeshea, mikono mitupu, akisikiliza wanaume walioko ndani wakiuvuta ule mlango uliovimba mpaka ukafunguka.