Maneno ya Pembeni mwa Mchoro

…na kalamu yenyewe haiandiki vizuri, ni ile ya bluu ya meneja yenye kifuniko kilichotafunwa, ameishika tangu simu ilipolia na meneja akainua kidole, "samahani mama, subiri kidogo, huyu mkuu mwenyewe," akazungusha kiti akatazama ukuta, akamwachia mgongo na karatasi, na karatasi ina mistari minne tu, ameshaisoma mara tatu na haimwingii, Chanzo cha hitilafu: fundi wa benchi la nne hakufuata hatua za kuunganisha, halafu chini, sahihi ya mpanga hatua, na nukta nyingi za kuandikia juu yake, hapo ndipo pake, asaini aende zake akanywe chai, chai yenyewe ambayo tangu baba watoto afariki haina ladha hata uitie sukari vijiko vinne, mwezi wa tatu huu, watu wanamwambia utazoea, atazoea nini jamani, hajasikia chochote cha kuzoea, hakulia makaburini, hakulia nyumbani, mawifi wakamkata jicho, mbona mkavu hivi huyu, naye alikuwa akihesabu viti vya kukodi asije mgeni akakosa pa kukaa, vilikuwa themanini na sita, anavikumbuka vile viti kuliko anavyokumbuka uso wa marehemu… "Hapana mkuu, vitanda vingine vyote tulivyoipelekea hospitali ni vizima, tumeshampata mhusika," anasema meneja kwa ukuta, na mhusika ndiye yule kule chini, anaonekana kupitia kioo cha ofisi, amekaa juu ya kreti karibu na benchi lake, mikono katikati ya magoti kwa sababu ameambiwa asiguse chombo chochote mpaka shauri liishe, mrefu, mwembamba, kiwanda kizima kinamwita Bisibisi, na nyumbani kwake yeye ni shemeji, mdogo wa marehemu, ndiye anayempeleka binti shule kila asubuhi kwa baiskeli, ndiye aliyerekebisha bomba la jikoni bila kuombwa, akaondoka bila kuaga kwa sababu alimkuta amekaa tu anatazama maji yanavyodondoka.

Asaini basi… mama wa watu ameanguka kitandani wodini, mtu mzima, alikuwa anajivuta akae, akaushika ubavu wa kitanda, ule wa chuma unaopandishwa na kushushwa ili mgonjwa asidondoke, ubavu ukamfuata, wakaanguka wote wawili, nyonga imevunjika, hospitali imeleta picha, bolti ya chini ya kufuli linaloshikilia ubavu haikukazwa, imeingia mizunguko mitatu tu ikaishia hapo, mtoto mdogo angeifungua kwa vidole, meneja alizipanga zile picha mezani moja moja na yeye akazitazama, akaona bolti, akaona sakafu ya wodi, akaona kandambili moja ya yule mama imebaki chini ya kitanda, na hakusikia kitu, Mungu amsamehe, aliona tu kwamba bolti ni ya milimita nane, kazi ni kazi, miaka kumi na miwili kazi yake ni hiyo, kuukatakata mchoro, maana mchoraji aliye ghorofani anachora kitanda kizima, kizuri, kimesimama chenyewe kwenye skrini kama kimeota, lakini hakuna fundi wa kukishika kizima kwa mpigo mmoja, lazima mtu akae aseme kipi kianze na kipi kifuate, miguu hapa, fremu pale, kufuli benchi la nne, ubavu benchi la nne vilevile, kila benchi na kadi yake ya hatua za kufuata, na mtu huyo ni yeye, Mama Kadi, zamani alikuwa anapanda ngazi na penseli sikioni kwenda kumfokea mchoraji, hii nati unataka niifikie vipi bwana, kwa maombi? na mchoraji anacheka, anafuta, anasogeza tundu, wanaelewana, kisha ikaja kompyuta, mchoraji akihifadhi mchoro tu kadi zinajijaza zenyewe, namba ya kipande, idadi, saizi ya spana, nguvu ya kukaza, watu wakapiga makofi, hata yeye alipiga, ngazi zilikuwa zinamuua magoti… ila maneno. Kompyuta inabeba namba, maneno haibebi. Yale anayoandika mchoraji pembeni mwa mchoro, angalia hiki, usisahau kile, yanabaki hukohuko juu, ndiyo maana wakaweka utaratibu, na aliyeuweka ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba kila mchoro mpya mpanga hatua aufungue, asome pembeni, anakili maneno kwenye kadi, ndipo atie tiki kwenye kisanduku, pembeni pamesomwa, na bila tiki ile kadi haishuki kwa mafundi.

"Uzembe tu mkuu, unajua hawa mafundi wa siku nyingi, wanajiona wanajua," na meneja anacheka kicheko kile cha kumchekea mkubwa, na yeye anataka kucheka pia, kwa mazoea, maana siku ya pili tangu arudi kutoka likizo ya msiba alikuta michoro mipya kumi na saba inamsubiri, kumi na saba, na mwenzake amemwekea maua ya plastiki juu ya kompyuta, pole sana dada, akakaa, akaitazama ile michoro, akaona uvivu wa ajabu, si uvivu, ni kama mkono ulikuwa wa mtu mwingine, akatia tiki, tiki, tiki, kumi na saba zote, hakufungua hata mmoja, zikashuka kadi, kila mtu akafurahi kazi haikulala, na mchoro wa kumi na moja ulikuwa huo wa kitanda, kufuli limesogezwa ndani upana wa vidole viwili ili shuka zisinase, wazo zuri tu, na pembeni mchoraji ameandika, jana ndiyo ameyasoma kwa mara ya kwanza, aliyafungua saa ya chakula wenzake wametoka, Bolti ikazwe kabla ya ubavu kufungwa, baada ya hapo spana haipati nafasi, maneno yenyewe ndiyo hayo, hata mtoto angeyaelewa, akafunga skrini, akala mkate wake, hakusikia kitu, basi, kadi inasema ubavu kwanza bolti baadaye, hatua zilezile za kitanda cha zamani, kompyuta imezirudia tu, na fundi… fundi hakufuata hatua… hebu subiri. Hakufuata zipi? Alizifuata. Ubavu akafunga kwanza, bolti baadaye, kama kadi ilivyosema, spana ikagonga chuma, ikazunguka robo, ikakataa, na yeye hakunyamaza, alikuja.

Alikuja, ehe, hilo amelilalia muda wote huu, alikuja mpaka mlangoni kwake na kadi mkono mmoja na spana mkono wa pili, na kazini huwa hamwiti shemeji hata siku moja, ni Mama Kadi, ni utani mwanzo mwisho, Mama Kadi leo umetupangia nini, umetupangia tuote mkono wa tatu? lakini siku ile alisema shemeji, taratibu, kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa, "Shemeji, hebu njoo mara moja uone, ubavu ukishakaa spana haizunguki, mimi ningeanza na bolti." Naye akiwa ameikodolea macho skrini, "Fuata kadi." "Nimeifuata, ndiyo maana…" "Shemeji, fuata kadi, imeshapita." Bisibisi akasimama pale, halafu badala ya kubishana, yeye anayebishana na kila mtu mpaka mlinzi wa getini, akauliza, "Umekula lakini?" Na yeye akasikia viatu vinashuka ngazi, akaendelea kutazama skrini, na kwenye skrini hapakuwa na kitu, ulikuwa ukurasa mtupu… "Ndiyo mkuu. Ndiyo. Hata sisi tulimhoji," na walimhoji kweli, jana asubuhi, hapahapa, kiti hikihiki, na yeye Mama Kadi amesimama karibu na kabati, meneja akamuuliza Bisibisi, ulipoona haikazi ulimuuliza mtu yeyote? na Bisibisi akatazama viatu vyake, akasema, "Sikuuliza mtu." Mara moja tu. Hakumtupia jicho. Na yeye akasimama kama kabati lenyewe, akawaza, ahaa, hakuuliza mtu, kumbe, akakubali, ikampita, akaenda zake kula mkate, jamani, jamani, mtu aliyelala kitanda kimoja na marehemu utotoni, naye amefiwa vilevile, nani aliyemuuliza yeye kama amekula, anabeba baiskeli, anabeba bomba, sasa anabeba na bolti, ameusema ule uongo mbele ya watu ili mjane wa kaka yake abaki na kiti chake, na huyo mjane ana kalamu mkononi anaona haiandiki vizuri!

Kitu kinamchoma. Hapa, chini ya koo, anashtuka kwa sababu kinauma kwelikweli, kama mguu uliokufa ganzi ukianza kurudi, na kikishaanza hakina adabu, kinaleta vyote pamoja, uso wa baba watoto unakuja, na ndevu zake za Jumapili, na kandambili ya yule mama, na vitanda… vitanda arobaini na kimoja, ndivyo vilivyotoka kwa kadi ile, anajua idadi, vimo mawodini sasa hivi, kuna mtu sasa hivi anajivuta akae, ameshika ubavu, na karatasi hii ikisainiwa hakuna atakayevirudisha, kosa ni la fundi, fundi ataondolewa, kadi itabaki vilevile, kesho ataletwa fundi mwingine mwenye mikono mizuri na atafuata kadi, ubavu kwanza bolti baadaye, sawasawa kabisa, kwa utii wote. Anaogopa. Watamfukuza, si ajabu, au na mahakamani watampeleka, binti atauliza kwa nini mama yuko nyumbani siku ya kazi, na machozi nayo, kumbe yalikuwepo, yanashuka kwenye karatasi ya watu, anayaacha. Meneja bado amempa mgongo. "Usijali mkuu, yuko hapa mbele yangu, anasaini sasa hivi," na simu haikatwi, mkuu ana maneno mengi leo, na kalamu iko palepale juu ya zile nukta, na yeye anangoja tu asikie ile simu ikiwekwa chini, ameshajua ataanzia wapi, alikuja kuniuliza, na mimi sikugeuza hata kichwa.