Posa ya Epifania na Makala ya Daktari

Daktari Tarsisi alishuka kwenye lori pale Mwakitolyo meno yote nje. Na kwa nini asicheke? Mtafiti wa ubongo na mishipa ya fahamu, mzaliwa wa Ushirombo, na makala yake sasa inanukuliwa na wasomi wa Ulaya, Marekani, hadi Japani! Chuoni Dar es Salaam walishaanza kumwita profesa kwa utani ambao si utani.

Makala yenyewe ilihusu nyumba moja tu hapo kijijini, nyumba ya mjane Mama Epifania. Yeye, dada yake na kaka yao Maige, wote mikono iliwatetemeka. Daktari akaandika kwamba ugonjwa ule umo kwenye damu, unarithiwa. Redio nayo ikatangaza. Sasa, mwaka huo wa 1984, alikuwa amekuja kuwashukuru na mfuko wa sukari, na sukari siku hizo ilikuwa haionekani.

"Shikamoo, Mama Epifania!"

"Marahaba, baba. Karibu," mama akaitikia bila kutabasamu.

Binti yake Epifania akaleta kigoda, akapiga goti kumwamkia mgeni, akaondoka.

"Huyu si alikuwa ameposwa Kagongwa?" daktari akauliza. "Mbona bado yuko nyumbani?"

"Unaniuliza mimi? Wakwe walikuja kuchunguza ukoo, kama ilivyo ada. Uchawi, hakuna. Ukoma, hakuna. Kifafa, hakuna. Ng'ombe walikuwa njiani, baba! Ndipo redio yako ikasema kuna nyumba Mwakitolyo ina ugonjwa kwenye damu. Nani asiyejua ni nyumba gani? Wakageuza ng'ombe wao."

Yesu na Maria! Siku zote alihesabu wazungu waliomnukuu, mjinga wa kisomo yule, kumbe na washenga wa Kagongwa walikuwemo.

Mara Maige akaingia kutoka shimo la dhahabu, ameshika kitambaa kilichofungwa fundo. Mama Epifania akafunga mlango, akafunga na dirisha. Akaweka kikaango kwenye mafiga, akadondosha ndani yake kidonge cheupe kilichong'aa.

"Mnafanya nini?" daktari akaruka.

"Tunachoma zebaki dhahabu ibaki. Kwani ajabu?"

"Humu mnamolala? Siku zote?"

"Tuchomee nje watu watuone?" Maige akacheka.

"Lakini nilikuuliza, Mama Epifania! Nilikuuliza kwa kinywa changu kama mnachoma zebaki nyumbani, ukaniambia hapana!"

"Uliniuliza mwenyekiti wa kijiji amekaa ubavuni kwako. Dhahabu ya kuficha ni jela, baba. Ungekuwa wewe ungesema ndiyo?"

Daktari alifungua mlango kwa teke, akawatoa wote nje, kikaango akakitupa uani. Zebaki! Moshi wake unakula mishipa ya fahamu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Hakukuwa na damu wala urithi. Epifania, aliyelelewa na kulala kwa bibi yake ng'ambo ya kijiji, mikono yake ilikuwa imetulia tuli. Na hilo daktari mwenyewe aliliona zamani, akaandika kwamba ugonjwa bado haujamfikia.

Akawaeleza yote, akawaapisha wasichome tena ndani. Asubuhi akapanda gari kwenda Kagongwa kwa Mzee Donatus, baba wa kijana aliyekuwa amemposa Epifania. Mtu mzima na tai yake, akapiga magoti sebuleni kwa watu.

"Mzee, nilikosea. Ukoo ule hauna ugonjwa wowote, ni sumu ya zebaki. Binti ni mzima. Nakuomba, leteni posa tena."

Mzee Donatus alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwinua na kumkalisha kitini.

"Ile habari ya kwanza, daktari, huko duniani wameikubali wangapi?"

Daktari alitamani kudanganya. "Wengi, mzee."

"Wasomi?"

"Wasomi."

"Na hii ya leo?"

"Mimi peke yangu."

"Basi pole, mwanangu," mzee akasema, wala hakuwa akimkejeli. "Ukiwapata wenzio, njoo nao."