Maji ya Sabili Nje ya Ukuta

Pampu yangu ilishikwa na kichaa Jumatatu asubuhi. Inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Na nyumba nzima hakuna bomba lililofunguliwa. Niko peke yangu hapa Ntinda, nani mwingine afungue? Nikampigia simu Barnabé, fundi Mkongo wa kutoka Bukavu, maana wale wengine wakimwona mjane neno lao la kwanza ni, "Mama, nunua mpya." Pampu ile aliifunga marehemu mume wangu, Rafiq, kwa mikono yake. Mpya ya nini?

Barnabé akaugonga mtungi wa chuma ulio kando ya pampu, ule wa kuweka hewa ya kusukuma maji. "Mama, huu mutungi hauna tena hewa," akasema. "Maji kidogo ikitoka, mashine inashituka." Akazima umeme, akamwaga maji yote, akajaza hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka jasho likamchuruzika. Akawasha. Ikanguruma, ikanyamaza. Alhamdulillahi! Nikaenda kumchemshia chai.

Chai haijapoa, ikawaka tena.

"Basi kuko fasi maji inatoka," akasema. Akafunga vali ya kuingia nyumbani. Bado. Akainama, akafuata paipu kuukuu iliyoelekea ukutani. "Na hii, mama, inaenda wapi?"

Ile ilikuwa ya mama mkwe.

Mama huyo alipofariki, Rafiq alitoboa ukuta akaweka bomba nje, maji ya sabili, kila mpitaji anywe bure na thawabu zimfikie mama yake. Ee, siku zile! Asubuhi watoto wa shule wamejipanga na vichupa vyao, wazee wanatia udhu, na Rafiq kwenye kiti chake getini anawatania: "We, usinywe yote, kesho kuna watu!" Nilikuwa nikimsikia akicheka nikiwa jikoni. Mpaka leo nikipika natega sikio, mjinga mimi.

Kisha akaugua, akawa mtu wa kitandani. Getini hakukuwa na mwenyewe tena. Vijana wa bodaboda wakapageuza pa kuoshea pikipiki, tope mpaka mlangoni, na ukiwasemesha wanakutukana. Siku moja nikapandwa na hasira, nikalifunga bomba na kung'oa kishikio chake. Basi. Na kila jioni Rafiq ananiuliza, "Mama Raisa, maji ya mama yanatoka?" Namjibu, "Yanatoka, baba Raisa." Anatabasamu, analala. Miezi saba nilimdanganya mgonjwa, mpaka tukamzika. Hata Raisa, binti yetu, sijawahi kumwambia. Nikisali naona haya.

Nikatoka nje na Barnabé. Pale ukutani aliketi Adong, mama wa Kiacholi anayekaanga mihogo hapo miaka mingi. Nyuma ya jiko lake, bomba lile lile, na jerikeni ya manjano chini yake. Maji yanadondoka tone, tone.

"Adong! Nani kafungua hapa?"

Akainuka, anafuta mafuta mikononi. "Mama, nisamehe. Ni mzee mwenyewe."

"Mzee gani?"

"Mzee Rafiq. Ile wiki ulifunga maji, ukaenda soko ya Nakasero, mimi nikaingia kumpa pole. Akauliza kama maji ya mama yake iko. Mimi siwezi danganya mgonjwa. Nikasema mama amefunga." Akatoa koleo kwenye kapu lake. Koleo la Rafiq, nililijua. "Akanipa hii. Akasema fungua kidogo kidogo, watu wapate, pikipiki wasioshe. Na mama usimwambie. Akasema umechoka sana sababu yake."

Wiki ile ile! Kumbe jioni zote zile alijua. Mimi namwambia "yanatoka" nikidhani nasema uongo, yeye anatabasamu kwa sababu ni kweli.

Rafiq we! Mtu mzima unanifanyia hivi, halafu unaondoka zako kimya!

Barnabé akakohoa kidogo. "Mama, tufunge?"

"Ufunge nini? Jaribu uone!" Nikamnyang'anya Adong koleo, nikapiga magoti kwenye tope, nikafungua mwenyewe mpaka mwisho, nalia mbele ya barabara nzima.