Ufa wa Muhuri

Sikuwa nimemaliza hata kikombe cha chai pale mwalimu mstaafu alipoingia dukani na kunimwagia sarafu zake kumi na mbili juu ya kitambaa cha meza. Alitaka kujua zipi zimekosewa kiwandani na zipi zimeumizwa tu na mikono ya watu. Kazi yangu hiyo, mwaka wa ishirini sasa. Wakusanyaji wote wa hapa mjini wananiita Mama Lenzi, na jina hilo, nikiri, nililipenda kupita kiasi.

"Hii imechakaa," nikamwambia, nikiisogeza pembeni. "Hii imepigwa nyundo. Hii sijui imetafunwa na nani."

"Na hii je?"

Nikaiweka chini ya lenzi, nikaivuta taa karibu. Kutoka mdomo wa ndege aliyechorwa pale hadi ukingoni ulipita mstari mnene, ulioinuka, umepinda kidogo mwishoni. Niliujua. Niliuona miaka mitatu nyuma kwenye sarafu ya kaka yangu, nikamwambia mbele za watu kwamba ameutia mwenyewe.

"Mwalimu, hii umeipata wapi?"

"Kwenye kopo la marehemu dada yangu. Kwani ni mbovu?"

"Mbovu ni mimi," nikasema.

Ngoja nieleze. Kiwandani, sarafu hugongwa kwa muhuri wa chuma kigumu. Muhuri ukipata ufa, madini ya sarafu hujipenyeza humo, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Zinazofuata nazo hutoka hivyohivyo, mahali palepale. Mkwaruzo wa mtaani unachimba, hauinui, na hakuna mikwaruzo miwili inayolingana. Sarafu mbili zenye mstari mmoja, kutoka kwa watu wasiojuana, zimeshatoa ushahidi wote.

Kaka yangu ni fundi wa kulehemu, na hilo ndilo lililoniponza. Alipoileta sarafu yake kwenye mkutano wetu wa Jumamosi, uso umejaa kicheko, niliona mstari mnene kuliko nyufa zote nilizowahi kuziona. Nikaona na vidole vyake vyenye makovu ya moto, nikajumlisha. Tena niliogopa watu wasije wakasema nampendelea ndugu yangu.

"Hii imetiwa risasi ya kulehemia," nikatangaza, sauti ikafika mlangoni. "Na fundi wake tunamjua."

Watu wakaangua kicheko. Mizani ya kuonyesha uzito ulioongezwa ilikuwa mezani, sikuigusa. Hata ncha ya sindano ingetosha, maana risasi ni madini laini yanayochimbika; sindano sikuitafuta. Nilimvua nguo hadharani mtu aliyenibeba mgongoni utotoni. Tangu siku ile hakukanyaga tena mkutanoni wala kwangu, na kwenye misiba ya ukoo tulikaa kila mtu pembe yake.

Nilimwomba mwalimu aniazime sarafu hadi jioni. Nikafunga duka, nikalifungua tena kwa kuwa nilikuwa nimesahau pochi, nikalifunga. Njiani kwenda kwa kaka nilipanga maneno na kuyapangua. Kwenye kona ya duka la vipuri nikageuka kurudi, nikapiga hatua kumi, nikajitukana, nikageuka tena. Muuza magazeti akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu?" Nikamwambia aangalie magazeti yake. Nilikuwa nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, na sikutaka mtu anione.

Kaka alikuwa karakanani kwake, ameinamia nondo za dirisha, katikati ya mageti yaliyoegemezwa ukutani. Aliponiona alizima mashine na kupandisha miwani yake ya kazi.

"Karibu, mteja. Dirisha au geti?"

"Shikamoo, kaka."

Alikunja waya wa mashine, nikadhani hataitika. "Marahaba."

Nikamnyooshea sarafu ya mwalimu. Alifuta mikono kwenye suruali, akaipokea, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Aliigeuza upande wa pili, kisha akairudisha upande wa ndege.

"Ya nani?"

"Ya mwalimu mmoja. Hakujui, humjui. Kaka, nilikosea. Yako ilikuwa ya kweli. Nipe niiandikie hati leo hii, nimwonyeshe kila aliyekucheka."

Akaenda kwenye rafu, akachakura ndani ya kopo la misumari, akanitilia kitu kiganjani. Ilikuwa sarafu nyeusi tii, imebabuka, ndege haonekani vizuri. Mstari ulikuwepo.

"Siku ile nilitoka mkutanoni nikaja hapa moja kwa moja," akasema. "Nikaipiga moto wa gesi. Ingekuwa risasi ingeyeyuka, au siyo? Haikuyeyuka."

"Kwa nini uliichoma? Si ulijua hukuitia kitu?"

"Mimi sikuitia. Lakini wewe ulishasema, na nilijua wewe hukosei. Nikafikiri labda ni yule aliyeniuzia."

Mimi nilikuwa nimemhukumu bila hata kupima. Yeye alikuwa ameunguza sarafu yake kwa kuniamini.

"Sasa ulipojua, mbona hukuja kuniambia?"

"Nije niseme nini, mdogo wangu? Kwamba Mama Lenzi hajui kutofautisha risasi na ufa? Wangekucheka hadi duka lifungwe." Akaichukua ile nyeusi kiganjani mwangu. "Hasira nilikuwa nayo, nisikudanganye. Ninayo mpaka sasa. Lakini wewe unakula kwa jina lako."

Nikalia palepale, kwa sauti, mbele ya mteja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kuulizia geti. Nikamwambia kaka kwamba Jumamosi nitasimama mbele ya walewale, na nitataja kosa langu lote, mizani na sindano na kicheko.

Hakunibembeleza. Alishusha miwani, akainama tena kwenye nondo zake, akawa kama anatafuta pa kuanzia.

"Mkutano bado ni saa nne?" akauliza.

"Saa nne," nikasema.