Gia Moja Hadi Kajiado

Katika kikundi chetu cha WhatsApp cha waendesha baiskeli wa Kitengela, mtu akishindwa njiani na kupakiwa kwenye pikapu ya Kimani, anayetubebea mabegi, anaitwa Mzigo mwezi mzima. Hata akisalimia asubuhi, anajibiwa, "Salama, Mzigo. Umeshapakuliwa?" Ni utani tu, na walioitwa hivyo hucheka pamoja na wengine. Lakini mimi nilikuwa sijaandika neno hata moja pale. Nilisoma tu. Niliacha shule darasa la sita, na kila nilipoanza kuandika nilifuta. Niliogopa kwamba nikiingia Kajiado ndani ya pikapu, hilo ndilo litakuwa jina la kwanza watakalonijua nalo, na sitarudi tena.

Siku ya safari yangu ya kwanza nao, kutoka Kitengela hadi Kajiado, tulipumzika Isinya kunywa chai. Ukuta wa hoteli ulikuwa umejaa baiskeli, nikailaza yangu chini, upande wa cheni. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba baiskeli hailazwi hivyo, ila sikuthubutu kumwambia mtu asogeze yake. Kile chuma cha nyuma kinachohamisha cheni, ambacho wenyewe wanakiita deraila, kilipinda kidogo kuelekea ndani. Wakati huo sikuona.

Tulipotoka Isinya upepo ulitupiga usoni. Wenzangu walijipanga mmoja nyuma ya mwingine wakaenda. Mimi nilibaki nyuma na sikupaza sauti. Kwenye mwinuko nikaweka gia nyepesi kabisa. Deraila ikaingia kwenye spoku, gurudumu likakwama, nikaanguka kwa goti.

Barabara ilikuwa tupu. Wale wa mbele wasingeshika simu katika upepo ule, na Kimani alikuwa ametangulia na mabegi yao. Nikapiga picha, nikaituma kikundini bila neno lolote.

Simu ikatetemeka papo hapo.

"Uwii! Hiyo deraila imekufa. Nani analeta maua?" Huyo alikuwa Otiende, anayefanya kazi Magadi na kulalamikia joto la huko kila siku.

"Otiende, wacha mchezo, mtu yuko kwa barabara," aliandika Shirleen, muuguzi wa Kitengela aliyebaki nyumbani baada ya zamu. "Nasteho, umeumia?"

"Goti tu," nikaandika. Nikatuma kabla sijafuta.

"Wasee, anaongea!" Otiende akaandika. "Mimi nilidhani hiyo namba ni ya polisi wa kutuchunguza."

"Abaayo, dada yangu, uko na kifaa cha kukata cheni?" Huyu sasa alikuwa Zakariye, mfanyabiashara wa mbuzi wa Illasit.

"Niko nacho."

"Kumbe kuna mtu hutusikiliza!" Otiende akaandika. "Mimi huhubiri hicho kifaa na sijawahi kukibeba. Mimi hubeba ndizi."

Zakariye akanieleza polepole, ujumbe mfupi mfupi. Nitoe deraila yote. Nikate cheni, niifupishe, niifunge kwenye jino moja la nyuma, yaani kimoja cha vile vigurudumu vyenye meno. Nitabaki na gia moja tu, kama blakmamba, ile baiskeli nzito ya zamani ya babu.

"Na usisukume pini ya cheni ikatoka yote," Otiende akaongeza. "Ikianguka kwa nyasi utalia mpaka Namanga."

Nilikuwa nahangaika kuishikilia baiskeli kwa magoti mama mmoja alipofika na punda waliobeba mitungi ya maji.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia.

"Huyu wako pia amekataa kutembea?" akauliza akiiangalia baiskeli. Aliniambia anaitwa Kakenya. Bila kungoja niombe, alishika kiti akainua, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani.

Nilikata, nikafupisha, nikafunga kwenye mojawapo ya meno makubwa, maana nilitaka wepesi. Nilipozungusha pedali, cheni iliruka, ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo, ikagoma. Nikatuma picha nyingine. Mikono ilikuwa myeusi kwa grisi.

"Sasa hiyo ni cheni ama gita?" Otiende akauliza.

"Nasteho, simama nyuma ya baiskeli," Shirleen akaandika. "Angalia cheni kutoka nyuma mpaka mbele. Imenyooka?"

Niliinama. Ilikuwa imekwenda kombo.

"Basi ndiyo hiyo," Zakariye akasema. "Cheni ikienda kombo hupanda jino kubwa zaidi na kukaza. Chagua jino linalotazamana sawasawa na lile la mbele. Litakuwa zito kidogo. Utaweza."

Nilichagua jino la katikati, nikaifupisha tena cheni, nikafunga. Kakenya akainua. Nikasukuma pedali kwa kiganja.

Gurudumu likazunguka. Halikukwaruza, halikugonga. Lilitoa mlio mwembamba, spoku zikapotea machoni, na nilipoondoa mkono likaendelea lenyewe.

"Ooi yieyio!" Kakenya alisema, akimwita mama yake kwa mshangao, akatabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza. Na kweli alikuwa amelitengeneza. Nilisimama nikiliangalia. Mmoja Magadi, mmoja Illasit, mmoja Kitengela, hakuna hata mmoja ambaye nimewahi kumwona uso, na wote walikuwa wameingiza mikono yao ndani ya mikono yangu. Sikujua jambo kama hilo linawezekana. Nilitamani gurudumu lisisimame.

Niliendesha. Penye mwinuko nilisimama juu ya pedali. Penye mteremko miguu ilizunguka bure. Uwanda ulikuwa mkubwa pande zote, na sikuuona ukiwa mtupu kama asubuhi.

Pikapu ikaja mbele yangu, ikapunguza mwendo. Kimani akachungulia dirishani.

"Pole, dada. Shirleen amenipigia simu nije nikuchukue. Rusha hapo nyuma twende."

"Hapana," nikasema. "Nitafika."

Akaangalia gurudumu la nyuma, akakunja uso. "Na deraila iko wapi?"

"Mfukoni."

Alicheka akapiga usukani. Kisha akageuza gari, akawasha taa za tahadhari, akanifuata taratibu. Malori yaliyokwenda na kutoka Namanga yalitupisha mbali. Sijawahi kupishwa hivyo maishani.

Mabati ya Kajiado yakatokea. Wenzangu walikuwa wamesimama kando ya barabara, chupa za maji mkononi.

"Na huyo ni nani Kimani anamsindikiza kama gavana?" mmoja akapaza sauti.

"Ni Nasteho!" nikajibu kwa sauti kubwa.

Nilitaka kusimama nao. Miguu ilikataa kuacha kuzunguka. Nikawapita wote nikicheka, Kimani akipiga honi nyuma yangu, nikaendelea mpaka katikati ya mji.